Kitabu cha majoka kilichoingia kartie yetu



Juma hili nawaandikia juu ya kitabu. Si kitabu cha masomo, wala si kitabu cha dini. Ni kitabu cha kanuni za mchezo. Kina kurasa 304, kimeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake kuna picha za majoka, za mifupa inayotembea na za watu wanaorusha moto kwa mikono. Kitabu hicho kilikaribia kumfukuzisha mtoto mmoja nyumbani. Ndiyo maana sikuweza kunyamaza.

Kilifika kwetu ndani ya valizi ya mdogo wangu, ambaye anaishi Kanada na alikuja kututembelea wakati wa likizo kubwa. Alimletea kijana wangu wa kwanza, mwenye miaka 13. Kijana alifungua, akatazama picha, akaona maneno ni mengi, akanitazama mimi. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nilisomea ISP ya hapa hapa mjini. Basi kazi ya kusoma iliniangukia.

Mnajua jioni zetu. Umeme ukikatika, watoto hawana la kufanya, wanazunguka barabarani. Nikasema: kuliko wazunguke, wakae kwangu chini ya mwembe, niwasomee kitabu hiki kidogo kidogo. Walikuja watano. Wawili wangu, wawili wa nyumba ya mbele, na binti mmoja wa miaka 11, yatima, anayelelewa na mama yake mdogo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mkumbukeni huyo binti, nitarudi kwake.

Mchezo wenyewe ni nini

Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Kwa lugha yetu tungeweza kusema Mapango na Majoka. Ulitolewa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waliotunga ni wanaume wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Sanduku la kwanza lilikuwa na vijitabu vitatu, na walichapisha masanduku 1,000 tu.

Vijitabu vile vilikuwa vigumu. Mtu aliyevinunua bila kuonyeshwa na mwingine alipotea njia. Mwaka 1977 daktari mmoja aliyekuwa anafundisha chuo kikuu, John Eric Holmes, alizipanga upya kanuni hizo kwa ajili ya wanaoanza. Baada yake akaja Tom Moldvay mwaka 1981, kisha Frank Mentzer kuanzia 1983, ambaye alizigawa kwa ngazi, sanduku baada ya sanduku, kama sisi walimu tunavyogawa programu ya mwaka. Mwishowe, mwaka 1991, Aaron Allston alikusanya masanduku manne ya Mentzer ndani ya jalada moja. Ndicho kitabu hiki, Rules Cyclopedia. Mhusika anaanza ngazi ya 1 na anaweza kupanda mpaka ya 36, na kila kanuni anayohitaji njiani iko humo.

Namna ya kucheza ni rahisi kuliko kitabu kinavyoonekana. Hakuna ubao kama wa ludo, hakuna karata. Mtu mmoja ni msimuliaji. Wengine kila mmoja anasimama mahali pa mtu wa hadithi. Msimuliaji anasema: "Mnafika mbele ya mlango wa mti. Mlango umeoza. Nyuma yake kuna kitu. Mnafanya nini?" Kijana wangu anasema: "Ninauvunja!" Binti wa jirani anasema: "Ngoja, kwanza tusikilize." Hapo kanuni inaingia. Kitabu kinasema mtu akisikiliza mlangoni, dadu moja inatupwa, na ni 1 tu inayomfanya asikie. Nafasi moja kati ya sita. Akikosa, hajui kama nyuma ya mlango ni kimya au ni yeye hakusikia.

Ni hadithi kama zile koko zetu walizotusimulia penye moto, lakini hapa wasikilizaji wanaingia ndani ya hadithi. Hata msimuliaji hajui itaishaje.

Na wote wako upande mmoja. Hilo lilinipendeza tangu siku ya kwanza. Kwenye ludo mtoto anafurahi kumrudisha mwenzake nyumbani. Hapa, mmoja akianguka ndani ya shimo, wote wanatafuta kamba.

Kanuni zinazohesabu kila kitu

Kila mtu wa hadithi anaandikwa kwenye kaye kwa namba sita: Nguvu, Akili, Hekima, Wepesi, Afya, na Mvuto wa mtu mbele ya watu. Kila namba inapatikana kwa kutupa dadu tatu na kujumlisha. Ndogo kabisa ni 3, kubwa kabisa ni 18.

Mwalimu ndani yangu aliamka. Nikawauliza watoto: kwa nini 10 na 11 zinakuja mara nyingi, na 18 haiji? Tuliandika kwenye kaye namna zote ambazo dadu tatu zinaweza kuanguka. Ni 216. Katika hizo, namna 27 zinatoa 10, namna nyingine 27 zinatoa 11. Namna moja tu inatoa 18. Watoto waliokuwa wanalia na hesabu darasani walikaa saa nzima wanahesabu, bila mimi kupandisha sauti.

Kijana wangu alitupa Akili akapata 5. Tulicheka mpaka machozi. Akataka kutupa tena. Nikamwambia hapana, mkono umekwisha kutupa. Sasa utamchezaje mtu mwenye nguvu na asiye na akili nyingi? Akafikiri. Akamfanya askari mpole anayeuliza maswali mengi, na wote wakampenda.

Kitabu kinahesabu mpaka mambo ya nyumbani. Mwenge mmoja unawaka saa moja. Chupa moja ya mafuta ndani ya taa inawaka saa nne. Kila baada ya dakika 50 za kutembea, mnapumzika dakika 10, la sivyo mnachoka na mnapigana vibaya. Kila mzigo una uzito, na mwenye kubeba sana anatembea polepole. Watoto wetu hawakuhitaji maelezo. Wanajua taa ya petroli, wanajua beseni la maji kichwani. Siku ya pili binti wa jirani ndiye aliyekuwa anaandika mafuta: "Imebaki chupa moja. Tukiendelea mbele, turudi na nini?"

Kuna kanuni nyingine ambayo ningependa tuibandike kwenye ukuta wa kila nyumba. Ukikutana na kiumbe usichokijua, kitabu hakisemi kwamba ni adui. Msimuliaji anatupa dadu mbili. Namba ndogo sana, kinashambulia. Namba kubwa sana, kinakuwa rafiki. Katikati, kinangoja kwanza kuona ninyi mtafanya nini. Na katikati ndiko dadu mbili zinakoangukia mara nyingi: 7 ina namna 6 kati ya 36, lakini 2 ina namna moja tu. Kwa hiyo kiumbe usichokijua, mara nyingi, kinangoja kuona tabia yako.

Wamama wa likelemba mtanielewa haraka. Likelemba yenye kanuni ndani ya kichwa cha mtu mmoja inavunjika siku mtu huyo anapogombana na mwenzake. Likelemba yenye kanuni zilizoandikwa na kusomwa mbele ya wote kabla ya franka ya kwanza kutolewa, inadumu. Anayepokea mwisho halalamiki, maana alijua tangu mwanzo. Kanuni iliyoandikwa kabla haimtafuti mtu. Kanuni inayobuniwa baada ya jambo kutokea, hiyo ndiyo inamtafuta mtu.

Usiku wa lawama

Sasa nirudi kwa binti. Dadu zilimpa Hekima 17. Kwa kitabu hiki, mwenye hekima nyingi anafaa kuwa mtu wa sala. Mtu wa sala haruhusiwi kushika kisu wala upanga, anatumia rungu. Kazi yake kubwa ni kufukuza wafu wanaotembea. Anainua alama ya imani yake, anawaamuru waondoke, na dadu mbili zinatupwa. Kwa mifupa, wakati bado yuko ngazi ya kwanza, akipata 7 au zaidi, inakimbia.

Jioni moja tulifika kwenye chumba cha mifupa. Binti alisimama chini ya mwembe, akainua vijiti viwili alivyofunga kama msalaba, akasema kwa sauti: "Mifupa, tokeni! Nendeni mbali na watu wangu!" Akatupa. Ikawa 8. Watoto wakapiga makofi.

Ng'ambo ya ukuta, watu walisikia. Waliona giza, wakasikia sauti ya mtoto inazungumza na mifupa ya wafu na kuituma. Hawakuona dadu.

Siku tatu baadaye, mtoto mchanga wa nyumba ile aliugua. Joto kali, kisha akatetemeka mwili mzima na kugeuza macho. Mama aliyeona mtoto wake namna hiyo, hakuna anayeweza kumcheka. Usiku ule watu wa sala waliitwa. Mmoja wao akauliza: katika nyumba hii kuna mtoto anayeamka na kuzungumza peke yake? Mwingine akasema amesikia kwamba kwa mwalimu kuna kitabu cha mashetani. Kufika saa sita ya usiku jina lilikuwa limekwisha kupatikana. Ndoki ni yule yatima.

Binti alikuja kugonga mlango wangu, bila viatu. Nilimfungulia, nikampa blanketi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza neno ambalo mpaka leo ninalisikia: "Mwalimu, siku ile nilitupa nikapata 8. Ile mifupa niliyoifukuza, ilienda kwa mtoto?"

Wamama, hapo ndipo nilipotambua ubaya wa jambo lenyewe. Watu wazima walikuwa wamemshitaki saa chache tu, na yeye amekwisha kuanza kuamini. Mtoto akiambiwa kwamba ubaya umetoka kwake, anatafuta ndani yake mpaka anaupata.

Nilileta dadu, nikaziweka mbele yake. Nikamwambia: hesabu. Namna ngapi zinatoa 7 au zaidi? Akahesabu kwa vidole, polepole. Ni 21 kati ya 36. Nikamwambia atupe mara kumi. Mara sita ilipita 7, mara nne haikufika. Nikatupa mimi mara kumi, ikawa karibu vilevile. "Unaona? Haijui kama ni wewe au ni mimi. Haikujui jina. Na mbu aliyemuuma mtoto hakuuliza dadu yako."

Asubuhi na mapema sikuanza na kitabu. Nilianza na mtoto mgonjwa. Nilimwambia mama yake: tubishane baadaye, sasa tupande toleka. Tulipanda mbili, yeye na mtoto kwenye ya kwanza, mimi nyuma, mpaka kituo cha afya. Walimtoboa kidole, wakapima damu. Malaria. Walimweka serumu na dawa, na siku ya tatu mtoto alikuwa ananyonya.

Jioni ya siku ya tatu ndipo nilipobeba kitabu kwenda nyumbani kwao. Niliomba msamaha kwanza, maana kosa langu lilikuwepo. Nilikuwa nimewaalika watoto bila kuwaalika mama zao waje kuona. Mlango uliofungwa unazaa maneno. Kisha nikafungua ukurasa wa mtu wa sala, nikasoma mstari kwa mstari na kutafsiri. Nikampa koko wa nyumba dadu mbili. "Koko, mifupa inakuja. Ifukuze." Alikataa, akacheka, akatupa: 9. Nikatupa mimi: 4. Nikasema: "Koko amenipita kwa nguvu za sala, mimi ningeliwa." Watu wakacheka, hata mzee mmoja wa wale walioitwa usiku.

Si wote walioridhika. Mmoja aliondoka bila kuaga. Na jirani yangu mpaka leo salamu zake ni fupi. Lakini binti alilala nyumbani kwao usiku ule, na anaendelea na masomo. Kwangu hilo linatosha.

Hata Marekani walifanya hivyo

Msifikiri kwamba ni sisi tu wa Kongo tunaoshitaki. Nchi iliyozaa mchezo huu ilipita njia hiyohiyo.

Mwaka 1979 kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo la Michigan alipotea. Mpelelezi aliyeitwa kumtafuta alifikiri kwamba alikuwa anacheza mchezo huu ndani ya mashimo ya mabomba chini ya chuo, na magazeti yakaieneza habari nchi nzima. Kijana alipopatikana akiwa hai, ilijulikana kwamba mchezo haukuwa sababu. Alikuwa na mateso yake mengine. Lakini habari ya kwanza ilikuwa imekwisha kukimbia.

Mwaka 1982 mama mmoja wa Virginia, Patricia Pulling, alimpoteza mwana wake, aliyejiua. Uchungu wa mama huyo hauna kipimo. Alitafuta sababu, akaona kwamba mwanawe alicheza mchezo huu, akaamini kwamba ndio uliomwua. Mwaka 1983 aliunda shirika la kuupinga mchezo, akazunguka na kuonekana kwenye televisheni, akisema unafundisha ulozi. Wazazi wengi waliogopa na kutupa vitabu motoni. Mwaka 1990 mwandishi Michael Stackpole alichunguza maneno yake moja moja, akaonyesha kwamba hayasimami. Mamilioni ya watoto walikuwa wamecheza, wakakua, wakawa walimu, waganga na mafundi.

Sisemi haya ili tumhukumu mama yule. Ninasema kwa sababu ninamfahamu. Uchungu ukiwa mkubwa hauwezi kukaa bila jina. Unatafuta mtu au kitu cha kubeba lawama. Huko walikamata kitabu. Kwetu tunakamata mtoto, na mara nyingi ni yule asiye na mama wa kumtetea, au mwenye ulemavu, au mtundu, au anayekojoa kitandani.

Sheria yetu inasemaje

Nchi yetu nayo ina kitabu chake cha kanuni, na juu ya jambo hili kimeandikwa wazi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto na kumtesa, na inataja kwa jina kumshitaki mtoto kuwa mchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 januari 2009, katika kifungu cha 160, inaweka adhabu: anayemshitaki mtoto kwa uchawi anaweza kufungwa mwaka mmoja mpaka mitatu na kulipa faini.

Wengi wetu hatukuisoma. Kanuni isiyosomwa mbele ya watu ni kama likelemba ya kichwani. Naomba kila kikundi cha wamama kinachopokea gazeti hili, kwenye mkutano unaofuata, kisome vifungu hivyo viwili kwa sauti, kwa lugha ambayo wote wanasikia. Dakika kumi zinatosha. Siku mtoto mchanga atakapougua na jina kuanza kutafutwa, awepo walau mama mmoja ndani ya nyumba atakayesema: kwanza kituo cha afya, na mtoto huyu haguswi, sheria inasema hivi.

Kama unataka kujaribu nyumbani

Huhitaji kununua kitabu. Unahitaji kaye, biki, dadu za ludo, na jioni moja.

Mchezo wa kitabu unatumia dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Sisi tunazo za 6 tu. Si neno. Mwaka 1979 kampuni yenyewe ilikosa dadu za kutosha, ikaweka vipande vya karatasi vyenye namba ndani ya masanduku ili watu wachote. Fanyeni hivyohivyo: kata karatasi 20, andika 1 mpaka 20, weka ndani ya kikombe. Mtoto achote bila kutazama, asome, arudishe.

Kila mtoto aandike mtu wake na namba zake sita. Wewe mama, au yaya wao mkubwa, ndiye msimuliaji. Usiende mbali kutafuta majoka. Mimi niliacha mapango ya Wazungu baada ya juma la pili. Sasa watoto wako ndani ya pirogi, wanateremka mto kutoka Kisangani kwenda Isangi, wamebeba gunia la chumvi na dawa za kituo cha afya. Mvua inakuja. Kuna mamba. Kuna mzee kwenye ukingo anayewaita, na hawajui ni mwema au ni mwizi. Jioni nyingine ni wavuvi Wagenia waliopoteza mtego penye maporomoko.

Mtoto akitaka kufanya jambo gumu, tazama namba yake. Achote karatasi. Ikiwa sawa na namba yake au chini yake, amefaulu. Ikipita, amekosa, na hadithi inaendelea. Hiyo ndiyo kanuni unayohitaji kwa kuanza.

Mambo manne niliyojifunza kwa maumivu. Moja: chezeni mahali wazi, mbele ya watu, na alika majirani waje kuona siku ya kwanza. Mbili: maliza mapema, siku ya posho ni nzuri kuliko siku ya masomo. Tatu: usiingize franka hata moja, maana dadu na pesa pamoja ni kamari. Nne: kama mama mwingine hataki mtoto wake acheze, mheshimu, usimfiche mtoto.

Na mtoto akikosa, usimwambie "ni kwa sababu wewe ni mbaya", hata kwa mzaha. Mwambie: "Imeanguka hivyo. Sasa tunafanya nini?" Nimeona neno hilo likihama kutoka mchezoni mpaka jikoni. Juzi sufuria ya lituma ilimponyoka binti yangu mdogo, chakula chote chini. Alinitazama kwa hofu. Kabla sijafungua mdomo, kaka yake, yule wa Akili 5, akasema: "Imeanguka hivyo. Sasa tunafanya nini?" Tulifagia, tukala ndizi zilizobaki na pundu.

Kitabu bado kiko kwangu, na mama yeyote anayetaka kukitazama kwa macho yake aje siku ya posho alasiri. Binti wa jirani mtu wake amefika ngazi ya tatu. Siku hizi ndiye anayetusomea kanuni, kwa Kiingereza chake kidogo, na mahali asipoelewa ananipa mimi.

Tuonane juma lijalo.

Mwalimu wenu